Saini Moja, Injini Mbili

Injini ile haikuwa ya kufumuliwa na kusukwa upya tena. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, nilipofungua sampu, lile bakuli la chini ya injini, nikakuta oili imejaa chengachenga za chuma. Yaliyofuata yaliniudhi na mpaka leo yananiudhi, na katika orodha ya walioniudhi mimi mwenyewe siko mbali na juu.

Mimi ni fundi magari. Gereji yangu ipo pale lami inapokoma na barabara ya mlimani inapoanza, kwa hiyo wateja hawana pa kunikwepa: gari likishindwa kupanda hunirudia, likishindwa kushuka huvutwa hadi kwangu. Wananiita Mama Spana, ingawa mtoto niliyemzaa anafanya kazi ya ofisini na hajui spana namba kumi ni ipi. Simlaumu, maana hata mimi kompyuta yake siijui.

Mteja ninayetaka kumwelezea aliitwa Nanga. Jina alipewa na abiria wake. Gari likizimika katikati ya mwinuko wa utelezi, madereva wengine hurudi kinyumenyume mpaka mtaroni; yeye hulishikilia hapo hapo, kwa breki na kwa dua, mpaka likamate tena. Alikuwa mwembamba, mpole, si mtu wa maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kupangusa usukani kwa kiganja kabla ya kushuka. Ujana wake aliutumia kuwaendesha wapima barabara wa kampuni moja iliyokuja ikaondoka. Baadaye yeye na kaka yake wakanunua mnadani gari kuukuu la kukanyaga matope, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Siku ya mnada Nanga alikuwa amesahau kitambulisho nyumbani, basi kadi ya gari ikaandikwa jina la kaka. Ndugu wa tumbo moja, nani angejali.

Kwa miaka ishirini na miwili gari hilo lilipandisha mlimani kila kitu. Walimu wapya waliopangiwa shule ya kule juu na ambao walianza kulia kwenye kona ya tatu. Mifuko ya saruji. Maharusi. Majeneza, ambayo Nanga aliyabeba kwa mwendo wa konokono hata kama wafiwa walikuwa wanamhimiza. Na miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, likaanza kumbeba mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Figo zake zilikufa zote mbili. Kila Jumanne na kila Ijumaa ilimbidi ashuke mjini, alazwe kwenye mashine kwa muda wa saa nne asafishwe damu, kisha apande tena nyumbani. Nanga aling'oa benchi la nyuma, akatafuta kiti kimoja cha basi la safari ndefu, kile kinacholala, akakifunga mwenyewe kwa nati nne. Nilimkagulia kazi hiyo sikuona kosa. Mkewe alipokaa mara ya kwanza alisema, "Kumbe ili nipate kiti kizuri lazima figo zife kwanza." Nanga alicheka mpaka akafuta machozi, na sidhani kama yote yalikuwa ya kucheka.

Ijumaa moja mchana, wakitoka hospitali, injini ikanoki. Nasema kunoki kwa asiyejua: ile sauti ya nyundo ndani ya tumbo la injini, ngo, ngo, ngo, ambayo ukiisikia unajua chuma kinakula chuma. Mkewe akapakiwa kwenye pikipiki ya kukodi, gari likavutwa mpaka kwangu.

"Imenoki," Nanga aliniambia.

"Nimesikia. Hata kiziwi angesikia."

Nilifungua, nikapima, nikamwita asimame karibu aone. "Krenki hii ilishachongwa mara tatu," nikamwambia, nikigusa ule mhimili mzito unaozunguka ndani ya injini. "Kila mara mkereza vyuma anapunguza ngozi kidogo, na mimi natia beringi nene zaidi kuziba nafasi. Sasa hakuna tena beringi ya unene huo duniani. Ni kama penseli, mwishowe unabaki na kifutio. Kuisuka, lazima tutafute krenki nyingine, na za injini hii zilishaisha madukani. Hiyo ndiyo njia ya kwanza."

"Na ya pili?"

Nikamwonyesha turubai lililokuwa pembeni. Chini yake palikuwa na injini nzima, nyepesi, ngeni, niliyoitoa kwenye gari lililopinduka likiwa bado jipya. "Ile. Inaingia bila kukata chuma. Siku tatu, Jumanne unamshusha mkeo."

Uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyeambiwa daktari amekosea. Nikaendelea, kwa sababu ndiyo kazi: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kwenye kizuizi cha chini ya mlima askari wanafungua boneti na kusoma namba, na gari ambalo namba zake hazilingani na kadi linalala pale. Kwa hiyo ukibadili injini unabadili na kadi, na fomu ya kubadili inasainiwa na mwenye gari.

"Mwenye gari ni mimi," akasema.

"Basi lete kadi."

Kesho yake alikuja nayo ndani ya mfuko wa plastiki, lakini hakunipa. Alisimama akaitazama injini yake iliyofumuliwa mezani, akasema, "Isuke hii hii, fundi."

Nilimwuliza kama amerogwa. Ndipo akanieleza, akiwa ameinama, anaokota nati zangu sakafuni moja moja. Miaka kumi na moja nyuma palikuwa na kikao cha ukoo wao nyumbani kwa kaka yake. Watu wengi, wakwe, wageni wa heshima. Kaka akawa anatambulisha watu mmoja mmoja, na alipomfikia Nanga akasema, "Na huyu ni dereva wangu." Watu wakacheka. Nanga naye akacheka. Akawarudisha makwao salama ndugu aliokuwa amewaleta kwenye kikao, na tangu siku hiyo hajamwamkia kaka yake, hajakanyaga kwake, hajampigia simu. Kaka naye hakuwahi kulidai gari wala kueleza kama ule ulikuwa utani.

"Nikipeleka ile fomu," alisema Nanga, "nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba ni dereva wake."

Hapo ndipo ningepaswa kumfokea. Wakubwa walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mimi nilikuwa na haki ya kumwambia msemo huo na mingine kumi. Sikusema. Nina kiburi changu pia, tena si kidogo. Mafundi wa mjini walikuwa wanasema injini za aina ile zimekufa, hakuna mtu wa kuzisuka tena, na mimi nilitaka kuonyesha kwamba yupo. Basi mtu mwenye kiburi alimpa kazi mtu mwenye kiburi, na mgonjwa akawa juu ya pikipiki.

Wiki ya kwanza alishuka na kupanda mara mbili. Walimfunga kwa kitambaa kwenye mgongo wa mwendesha pikipiki, Nanga akikaa nyuma kabisa kumzuia asidondoke. Wakipita mbele ya gereji nilimpungia mkono, naye akanipungia. Wiki ya pili mvua zikaanza mapema, barabara ikawa sabuni, na Ijumaa hakuna pikipiki iliyokubali. Akakosa mashine kwa mara ya kwanza. Jumanne iliyofuata alipopita nilimwona miguuni amevaa kandambili za mumewe. Zake zilikuwa hazimwingii.

Sikupungiwa mkono siku hiyo. Jioni mwendesha pikipiki akaniletea salamu: "Yule mama anasema, wewe na injini yako mtamzika vizuri." Nikashangaa mimi nimeingiaje. Nikamwuliza Nanga. Alijikuna shingo, akasema alimwambia mkewe kwamba ile injini nyingine fundi ameikataa, haikubaliani na gari lao.

"Umenipaka uchafu wako," nikamwambia.

"Nisamehe. Nikipata krenki yote yatakwisha."

Hata sijui nijitetee vipi. Ningeweza kumpigia yule mama siku ile ile, namba yake ninayo. Nikajiambia siri ya mteja ni siri ya mteja, nikashika msasa nikaendelea kusugua silinda.

Wiki ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Nanga alizunguka kwenye yadi za vyuma chakavu za miji minne, analala kwenye vituo vya mabasi, anarudi mikono mitupu. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Nilimtobolea mimi kwa msumari. Siku moja akaja na soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vipande vya chuma vya kugongea namba, sifuri mpaka tisa. Alitaka nisugue namba ya injini iliyo chini ya turubai, nigonge ya zamani juu yake.

"Hivyo ndivyo magari ya wizi yanavyobatizwa," nikasema. "Aliyekuwa jirani yangu hapa alifanya hivyo mara moja tu, kwa huruma kama hii, na gereji yake sasa ni banda la kuku. Ondoa hiyo soksi."

Hakubisha. Alikwenda akainua pembe ya turubai, akaweka kiganja juu ya injini. Mkewe juzi yake alikuwa amelala ameketi, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Aliniambia hilo bila kugeuka. Kisha akafunika turubai vizuri na kwenda zake.

Krenki ilipatikana wiki ya nne. Aliibeba begani tangu stendi, imeviringishwa kwenye blanketi, akaifungua mezani. Nilipima. Nayo ilikuwa imekwisha chongwa mara mbili, na shingo moja, pale inapokaa beringi, ilikuwa na mkwaruzo nisioupenda. Nikamwambia haitaishi. Akasema, "Iishi wiki moja tu, fundi. Moja." Mkereza vyuma akaichonga, mimi nikaifunga. Nilifanya kazi ile kwa usafi ambao sijawahi kuufanya, kila nati kwa kipimo, kila beringi kwa oili mpya. Jumatatu ya wiki ya tano ikawaka kwa mara ya kwanza na kunguruma vizuri. Tulikumbatiana, mimi na Nanga, tukiwa na grisi mpaka viwikoni.

Jumanne akamshusha mkewe mpaka hospitali. Alasiri wakapita kurudi, akanipigia honi. Nikarudi kwenye kazi nyingine nikiwa naimba.

Baada ya saa moja na nusu niliwaona wanaume wanne wanatoka kwenye mvua. Walikuwa wamebeba kile kiti cha basi mabegani, kimefunguliwa nati zake, na mkewe Nanga amekaa juu yake amefunikwa turubai. Injini ilikufa kwenye kona ya tatu. Kutoka pale hakuna aliyeweza kumpandisha hadi nyumbani, basi wapita njia hao wakamteremsha. Nanga alikuwa nyuma yao, anatembea bila kofia.

Wakakiweka kiti katikati ya gereji yangu. Nikampa yule mama kitambaa cha kujifutia na maji kidogo, maana hakuruhusiwa mengi. Alivuta pumzi mpaka zikamtosha, ndipo akaniangalia.

"Fundi, mume wangu anasema ile injini nyingine haikubali kwenye gari letu. Leo nataka nisikie kwa mdomo wako."

Nilimtazama Nanga. Alikuwa anatazama sakafu.

"Inakubali," nikasema. "Inaingia kwa siku tatu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa kinachokosekana ni nini?"

"Saini. Kadi ina jina la shemeji yako."

Hakupandisha sauti. Alimgeukia mumewe taratibu, kwa sababu shingo nayo ilikuwa imevimba. "Saini?"

"Aliniita dereva wake," Nanga akasema. "Mbele ya watu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na wewe si dereva?"

Mvua ilipiga mabati. Mmoja wa wale wanaume wanne akatoka nje ingawa kulikuwa na mvua huko.

"Miaka miwili," akaendelea yule mama, akimeza pumzi kila baada ya maneno machache, "mara mbili kwa wiki napita mbele ya nyumba ya shemeji yangu. Iko ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Nikitoka kwenye mashine natapika, natafuta pa kukaa, na mlango wake nauona. Nageuza uso. Yeye hajanikosea kitu, nimemnunia kwa sababu mume wangu amenuna. Nilidhani hiyo ndiyo ndoa." Akanyoosha mkono kwangu. "Nipe hiyo fomu."

Jirani yangu mchomeleaji mageti ana pikapu. Alimpakia mbele, akatia kiti nyuma, wakaenda kwa barabara ya lami. Nanga hakwenda nao. Nilimwambia aende, mkewe hakumwambia lolote, naye akabaki. Alichukua ufagio wangu akafagia gereji nzima, hata chini ya meza ambako sijafagia tangu niihamie.

Mchomeleaji alirudi kabla giza halijaingia. Fomu ilikuwa imesainiwa, na nakala ya kitambulisho imebanwa juu yake. "Kaka mtu hakuuliza hata swali," alisema. "Aliomba kalamu tu. Halafu akaniuliza kama mdogo wake ana afya."

"Mke wangu yuko wapi?" Nanga akauliza.

"Wamemwandalia chumba cha chini, asipande ngazi. Anasema atakaa hapo, hospitali anafika kwa miguu."

"Atakaa mpaka lini?"

Mchomeleaji aliniangalia mimi, kisha akasema yule mama hakutaja siku.

Gari likavutwa kutoka kona ya tatu, na siku tatu nilizoahidi zilitosha. Injini iliingia kama ilizaliwa humo, kadi ikabadilishwa, askari wa kizuizini wakasoma namba wakatupungia tupite. Ijumaa mchana Nanga akaniomba niende naye mjini kuisikiliza injini. Ana masikio yake mwenyewe, tena mazuri, lakini nilipanda. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na kile kiti alikuwa amekichukua kwa mchomeleaji akakifunga mahali pake.

Akaegesha mbele ya geti la kaka yake, injini ikiwa inawaka, akapiga honi mara moja, fupi, ya adabu. Mkewe akatoka. Uvimbe ulikuwa umeshuka, na miguuni alikuwa na viatu vyake mwenyewe. Alinisalimu vizuri, akasimama dirishani kwa mumewe.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali. Panda twende nyumbani."

"Chakula kimeiva. Ingia umwamkie kaka yako, ule kidogo, nami nikusanye nguo zangu. Hilo tu ninalotaka."

"Nitakusubiri hapa."

"Mimi nimekusubiri wiki tano, mume wangu, maji yakanifika kifuani. Sasa hivi ni hatua kumi."

Kaka mtu akatokea barazani. Mzee, mnene kidogo, anapangusa mikono kwa taulo, na pua ya Nanga ile ile usoni mwake. Alisimama akatutazama. Hakuweza kuanza yeye. Mkubwa hamwamkii mdogo. Alikuwa anasubiri shikamoo moja, na nadhani alikuwa ameisubiri muda mrefu, kwa sababu taulo lilikuwa limesimama mikononi.

Nikanyoosha mkono wangu, nikazima injini. Nilimwona Nanga anafungua mdomo. Alishika kitasa cha mlango, na machozi yakamtoka waziwazi mbele yetu sote, lakini kitasa hakukivuta. Kisha ule mkono ukaacha kitasa ukarudi kwenye ufunguo.

Injini yake ya zamani isingewaka. Ikiwa na joto ilikuwa haikamati. Ingekohoa mara nne, tano, halafu ingetaka kusukumwa, na hapo wa kusukuma alikuwa mmoja tu, yule aliyesimama barazani. Hii niliyomfungia mimi iliwaka kwa mguso wa kwanza, na tukapanda mlima wote na kiti kitupu nyuma yetu, haikunoki wala haikuchemsha.